Soko limeingia ndani ya telefone



Kuna maneno matatu ambayo siku hizi kila mama mwenye kuuzisha kitu hapa Bukavu anayasikia kabla hata hajaulizwa bei: "Nitumie foto kwanza." Anayasema mteja wa Nyawera. Anayasema pia yule wa Panzi, ambaye zamani alikuwa akipanda mwenyewe mpaka soko la Kadutu na kitunga chake, anageuza kitenge upande huu na upande ule, anakivuta kuona kama kitapasuka, anauliza bei mara tatu, anaondoka, kisha anarudi. Mteja huyo hajahama. Yuko nyumbani kwake, telefone mkononi, na anataka kuona kitu kabla ya kulipa feza za motari. Kama wewe huna foto ya kumtumia, jirani yako anayo.

Katika mikutano ya AVEC zetu tumelizungumza jambo hili mara nyingi, na kila mara tunagawanyika. Wengine wanasema mitandao ya kijamii ni mambo ya vijana na ya makampuni makubwa. Wengine wamekwisha kuingia, wakamaliza mega za mwezi kwa juma moja na hawakuuzisha hata kopo moja la unga. Juma hili tumeona vizuri kuyaandika yale ambayo wamama wa chama chetu wameyajaribu kwa mikono yao, yaliyofaa na yasiyofaa. Mwenye kujua zaidi atatuongezea.

Kiliya ni mtu

Makampuni ya telefone na ya bia yana watu wa kulipwa ambao kazi yao toka asubuhi mpaka jioni ni kuandika kwenye Facebook, kujibu, kuchekesha, kutoa zawadi. Ukiangalia vizuri, feza hizo zote wanazitumia kwa kutafuta jambo moja: mtu asiyejulikana ajisikie kama anajulikana. Sisi jambo hilo tunalo tangu zamani. Mama mwenye meza ya mboga anajua huyu anapenda sombe isiyotwangwa sana, yule mume wake ana sukari, yule mwingine atalipa mwisho wa mwezi na hatakosa. Tunamwita kiliya, na kiliya wa mtu hanyang'anywi ovyo. Tukimpimia tunaongeza kidogo juu, tunauliza habari ya watoto, anarudi.

Kwa hiyo sisi tunaona kwamba mama asianze kwa kutafuta watu elfu wasiomjua. Aanze na wale arobaini anaowajua tayari. Arobaini wanaojibu wanafaa kuliko elfu wanaopita tu na kuacha kidole cha kupenda. Kidole hakinunui.

Hapo kuna jambo dogo ambalo wengi hawalijui. Stati ya WhatsApp, ile inayokaa saa 24 na kupotea, haionekani kwa kila mtu. Anaiona yule ambaye wewe umeandika namba yake katika telefone yako, na yeye pia ameandika ya kwako. Upande mmoja ukikosekana, unapandisha foto zako nzuri na hakuna anayeziona. Tena ndivyo ilivyo kwa ile orodha ya kutuma ujumbe mmoja kwa watu wengi kwa mara moja: inachukua mpaka watu 256, lakini ujumbe unafika tu kwa wale walioandika namba yako. Kazi ya kwanza basi inafanywa pale pale mezani, mteja akiwa mbele yako na feza mkononi. Mwombe aandike namba yako, na aiandike kwa jina la kitu unachouzisha. "Mama Sambaza Kadutu" atakuona siku anapotafuta sambaza. "Mama Furaha" atakutafuta na hatakuona, kwa sababu Mama Furaha katika telefone yake wako watano.

Foto, bei, na vokali

Juu ya foto tutasema machache. Futa kioo cha nyuma ya telefone kwa nguo safi, kwa maana kimeguswa na mafuta ya mandazi. Toka nje, au simama karibu na mlango, mwanga wa asubuhi ukiwa bado mpole. Tandika kitenge cha rangi moja au mkeka, weka kitu juu yake, ondoa viatu vya watoto na sufuria ya jana. Weka kitu kingine karibu ili mtu aone ukubwa: sanduku la kiberiti, mkono wako. Na piga foto ya kitu chenyewe unachouzisha. Kuna wamama wanaochukua foto nzuri ya viatu kutoka kwa watu wa ngambo ya bahari, kisha mteja analetewa viatu vingine kabisa. Mtu huyo anauzisha mara moja tu.

Juu ya bei tuna neno kali kidogo. Ile desturi ya kuandika "bei njoo faragha" inatuchosha. Mteja akiiona anafikiri mambo mawili: bei iko juu, au bei inapimwa kwa kuangalia sura yake. Wote wawili wanafahamu kwamba watapatana, basi andika bei ya kuanzia na uache nafasi ya kubembelezana. Tunajua kisa chenu: franka inapanda na kushuka juu ya dola, na mama aliyeandika bei ya siku ya kwanza anajikuta siku ya tano anauzisha kwa hasara. Lakini stati inapotea baada ya siku moja. Bei ya leo ni ya leo. Ukipandisha foto kwenye Facebook, ambako inakaa miaka, hapo andika bei kwa dola, au andika tarehe karibu na bei.

Video zinavuta macho, ni kweli, lakini zinakula mega zako na za mteja wako. Mteja asiye na mega nyingi ataipita. Video ya sekunde kumi ya kitenge kinachofunguliwa ina faida, kwa sababu foto haionyeshi namna nguo inavyoanguka. Video ya dakika tatu ya duka zima haina faida. Tena ingia katika mipangilio ya WhatsApp uzime kupakua foto na video kwa yenyewe. Mama mmoja wa AVEC yetu alizima hapo tu, na mega zilizokuwa zikiisha siku ya tatu zikamfikisha siku ya posho. Hesabu ni rahisi: kama mega za franka 1000 zimekuletea faida ya franka 800, juma hilo umemfanyia kazi mwenye mtandao.

Sasa vokali. Kuna wamama kati yetu ambao kuandika kunawapa shida, na kwa muda mrefu walifikiri biashara ya telefone si yao. Lakini wateja wao wengi pia hawapendi kusoma. Mama anayeuzisha maharagwe anatuma vokali ya sekunde ishirini kwa Mashi, anasalimu vizuri, anasema gunia limefika na ni ya namna gani, anacheka kidogo. Sauti yake inafahamika. Kampuni kubwa haiwezi kumsalimu bibi wa Bagira namna hiyo. Mpango wake ni huu: vokali kwa salamu na maelezo, halafu mtoto wake anaandika bei chini kwa tarakimu, kwa maana bei iliyosemwa tu inasahauliwa, na kesho yake watu wawili watakuwa na bei mbili.

Kwa wale wenye wateja wengi, iko WhatsApp nyingine inayoitwa WhatsApp Business. Ilitoka mwaka 2018 na hailipwi. Inakuwezesha kupanga foto za vitu vyako na bei zake mahali pamoja, kama meza isiyokunjwa jioni, mteja akiingia anatembea mwenyewe. Inakuwezesha pia kuwatia watu alama: huyu ameagiza, huyu amelipa, huyu ana deni. Na inajibu salamu kwa niaba yako wakati unapopika au unapolala. Tunapenda hasa hilo la mwisho. Andika tu: "Asante kwa salamu. Ninajibu toka saa moja asubuhi mpaka saa mbili usiku." Kuna wanaume ambao hujifanya wateja saa tano za usiku, wanauliza bei ya kitenge, kisha wanauliza kama mama amelala peke yake. Saa za kazi zilizoandikwa zinawafunga mdomo wengi, na aliyebaki afungiwe namba bila maelezo. Hakuna faida ya kitenge inayolipa matusi hayo.

Siku mteja analalamika mbele ya watu

Hapa tutakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo biashara nyingi zinakufa.

Mama mmoja anauzisha sambaza kavu, zile za ziwa letu Kivu. Alikuwa na gurupu ya wateja wapatao sitini, wengi wamama wa Ibanda wanaofanya kazi ya ofisi na hawana muda wa soko. Asubuhi moja mteja akaandika ndani ya gurupu, mbele ya wote: "Hizi sambaza zina mchanga, watoto wameshindwa kula. Mnatuibia." Akatia na foto ya sahani.

Mama mwenye sambaza alikuwa amepanda motari, akasoma njiani, moyo ukawaka. Jibu la kwanza alilotaka kutoa tunalijua sote: kwamba mteja huyo bado ana deni la mwezi uliopita, kwamba hajui kuosha samaki, kwamba nyumbani kwake wanakula nini hasa siku nyingine. Binti yake aliyekuwa nyumbani akampigia kabla hajaandika. Akamwambia, "Mama, usimjibu yeye. Wajibu wale wengine hamsini na tisa."

Tunaona binti huyo alisema jambo ambalo watu wanalipia masomo. Katika soko la Kadutu mkigombana, wanaosikia ni meza nne za karibu, na kufika jioni maneno yamekwisha. Katika gurupu maneno yanabaki yameandikwa, na watu hamsini na tisa wanasoma kimya, kila mmoja akijiuliza: siku nikiwa na shida mimi, nitajibiwa namna gani?

Aliandika mistari miwili: "Pole mama na pole kwa watoto. Zile zilizobaki usizitupe, motari anakuja kuzichukua na kukuletea zingine, ni juu yangu." Hakuongeza neno. Akamtuma motari kweli, akalipa mwenyewe. Alipozipokea zile sambaza akaona mchanga ulikuwako. Zilikaushwa chini bila mkeka kabla yeye hajazinunua. Kesho yake akapandisha foto: sambaza zimetandazwa juu ya wavu, na yeye anazichekecha. Akaandika tu kwamba toka sasa zinapita hapo mara mbili kabla ya kupimwa.

Tusiseme uongo. Juma hilo alipata hasara: sambaza mbili kwa bei ya moja, na motari wa kwenda na kurudi. Yule mteja mwenye kulalamika hakununua tena, na deni lake mpaka leo halijaisha. Lakini watu wanne ambao walikuwa katika gurupu kwa miezi bila kununua kitu waliagiza juma hilo hilo. Na yeye mwenyewe alibadilisha mahali pa kununulia, jambo ambalo ndilo lenye uzito zaidi, kwa sababu pole bila kubadilisha kitu inafaa mara moja tu.

Tuongeze juu ya gurupu. Mtu aombwe ruhusa kabla ya kutiwa ndani. Na gurupu ya jambo jingine isigeuzwe soko. Tumekwisha kuona mtu akipandisha foto za viatu katika gurupu ya matanga, maiti bado haijazikwa. Viatu vilikuwa vizuri, lakini nani atavinunua?

Feza, wezi, na watoto wetu walio mbali

M-Pesa iliingia hapa nchini mwaka 2012, na leo pamoja na Airtel Money na Orange Money ndiyo benki ya wengi wetu. Biashara ya telefone haiwezi kusimama bila hiyo. Lakini wezi wanajua hilo pia.

Ujumbe unaosema feza zimeingia si feza. Kuna watu wanaotunga ujumbe unaofanana kabisa na ule wa kweli, wanautuma kutoka namba ya kawaida, kisha wanapiga simu kwa haraka: motari yuko njiani, mpe mzigo. Usimpe. Fungua akaunti yako mwenyewe, angalia salio, ndipo utoe mzigo. Mteja mwema atangoja dakika mbili. Mwenye kukuharakisha ndiye wa kuogopwa. Na akija mwingine kusema amekosea namba akakutumia feza, umrudishie, angalia salio kwanza kabla ya kumhurumia.

Wizi wa pili ni wa WhatsApp yenyewe. Unapata ujumbe wenye tarakimu sita, kisha mtu unayemjua, au anayejifanya unayemjua, anakuomba umpe hizo tarakimu. Ukimpa, amekwisha kuwa wewe. Saa hiyo hiyo wateja wako wote wanaandikiwa kwa jina lako kwamba umepata shida hospitalini, wakutumie dola 50. Mama mwenye meza akiibiwa vitu, watu wanamwonea huruma. Mama ambaye wateja wake wameibiwa kwa jina lake anabeba aibu isiyo yake, na kuiondoa ni kazi ndefu. Tarakimu sita hazipewi mtu yeyote, hata ndugu. Ndani ya mipangilio ya WhatsApp kuna sehemu ya kuthibitisha kwa hatua mbili. Unachagua namba yako ya siri, na hata mwenye kupata zile tarakimu sita haingii bila hiyo. Inachukua dakika mbili. Mwombe mtoto wako akusaidie, lakini ile namba ya siri iandike mwenyewe.

Kwa upande wa mkopo tutapita haraka: deni la telefone linasahauliwa kuliko deni la mezani. Kwa kitu cha kuagizwa, nusu ilipwe mbele.

Kuna wateja wengine ambao hatukuwa nao kabla ya telefone, nao ni watoto wetu. Kijana aliye Kinshasa, binti aliye Ubelgiji au Kanada, anataka kumnunulia mama yake unga na mafuta, na anajua kwamba akituma feza peke yake zitapita mikononi mwa shemeji na mjomba, na mama atafikiwa na nusu. Mama mmoja wetu wa Bagira alianza na mmoja wa namna hiyo. Anapeleka mzigo nyumbani kwa mzazi, anapiga foto ya mzazi ameketi na gunia pembeni, na mzazi anasema vokali fupi. Mtoto kule mbali anaisikia sauti ya mama yake. Sasa anapelekea nyumba sita kila mwezi, na wanamlipa kabla ya mwisho wa mwezi. Anauliza mzazi ruhusa ya foto kila mara, na foto hiyo haiendi kwenye stati. Ni ya watu wawili tu. Sisi tunaona huyo amefahamu mtandao kuliko wengi waliosoma.

Telefone ya nani?

Jambo hili halizungumzwi sana na wanaofundisha biashara, lakini nyumbani linazungumzwa kila siku. Kadi ya telefone imeandikwa kwa jina la mume. Feza za sambaza zinaingia huko. Au telefone ni moja, na baba akitoka nayo asubuhi, duka limetoka naye. Au kila ujumbe wa mteja mwanamume unaleta maswali usiku.

Tujue sheria inasema nini. Kanuni ya Familia ya mwaka 1987 ilikuwa ikimdai mwanamke aliyeolewa apate ruhusa ya mume kwa matendo yake ya kisheria. Sheria ya tarehe 15 Julai 2016 iliirekebisha na kuondoa ruhusa hiyo. Pahali pake imetia mapatano ya wote wawili. Mama akiandikisha kadi kwa jina lake mwenyewe hamuibii mtu. Lakini mnafahamu kama sisi kwamba sheria haiingii chumbani kukusaidia kusema. Wale waliofaulu waliketi na baba wa nyumba kabla ya kuanza, wakamwonyesha kaye ya hesabu, wakamwambia: namba hii ni ya biashara, hizi ni feza za shule ya watoto. Wengine walichagua namba ya biashara iwe tofauti na ya nyumbani, na hiyo WhatsApp Business inakubali kukaa katika telefone moja na ile ya kawaida, kila moja na namba yake. Ugomvi mwingi ulipungua hapo. Si wote. Tunao wamama wawili ambao waume wao walivunja telefone, na AVEC ikabidi ikae nao. Wanaosoma haya na yako kwao, waje watuambie, hatutaandika majina.

Watoto nao wana kazi. Wanajua telefone kuliko sisi, basi wapige foto, waandike bei. Binti wa miaka kumi na sita anayepanga foto za duka kila jioni anafanya kazi, na anastahili kitu kidogo, hata kama ni daftari jipya. Lakini sura ya mtoto isiwe tangazo la duka. Foto ya mtoto na jina la shule yake na njia ya nyumbani, vyote pamoja kwenye stati inayoonwa na watu mia mbili, ni kitu ambacho hatukitaki. Vivyo hivyo foto ya mzigo mzima uliojaa nyumbani siku umetoka kwenye depo. Wenye kuiona si wateja tu.

Siku mtandao umelala

Tarehe 31 Desemba 2018, baada ya uchaguzi, intaneti ilikatwa nchi nzima, na ilirudi katika Januari baada ya karibu majuma matatu. Tarehe 4 Oktoba 2021, WhatsApp na Facebook zilikufa dunia nzima kwa muda wa saa sita hivi. Januari 2025 TikTok ilizuiwa nchini. Na hatujasema juu ya umeme wa kwetu, ambao hauhitaji tarehe.

Mama ambaye namba zote za wateja zimo ndani ya telefone tu, siku hiyo anakuwa kama mwenye kupoteza ufunguo wa duka. Andika namba katika kaye: jina, mtaa, anachopenda, deni lake. Simu ya kawaida ya unite mara nyingi inapita wakati mega hazipiti. Na usiiache meza yako kabisa kama unayo. Wateja wengi wazuri wa telefone walianza kwa kukutana na mama ana kwa ana, wakamwangalia machoni akipima.

Maneno mliyopatana kwenye WhatsApp pia msiyafute ovyo. Tangu tarehe 13 Machi 2023 nchi yetu ina sheria inayoitwa kwa Kifaransa Code du numérique; inagusa biashara ya mtandaoni na inatambua maandishi ya elektroniki. Mkikosana juu ya mzigo au malipo, ujumbe ule wenye bei na tarehe ni maandishi.

Kwa wale ambao hawana telefone nzuri, AVEC tatu za chama chetu zimeanza mpango ambao bado tunaupima. Wamewekana wamama kumi. Telefone moja yenye kamera nzuri, mega zinanunuliwa kwa mchango, na kila siku stati ni ya mama wawili: leo unga na sombe, kesho vitenge na mafuta. Mteja akiagiza kwa mmoja, motari anapitia kwa wote wenye mzigo wa njia hiyo, na bei ya motari inagawanywa. Ugumu umekuwa wa siku ambazo wawili wanauzisha kitu kimoja kwa bei mbili. Walikubaliana bei iwe moja, kisha mmoja akashusha usiku. Bado wanazungumza.

Siku ya posho ijayo, saa tatu asubuhi, tutakuwa pamoja pahali petu pa siku zote kwa kupiga foto. Kila mmoja alete vitu viwili anavyouzisha, kitenge cha rangi moja cha kutandika, na telefone yenye moto. Mwenye waya wa kuchaji autie katika kitunga. Wale wasio na telefone waje vilevile, na walete kaye.